Kaburi la Nduna na Daftari la Berlin

Nilikuwa darasa la tano nilipopelekwa kwa mara ya kwanza kwenye Makumbusho ya Majimaji, Songea. Tulikwenda kwa miguu, tumepanga mistari miwili, na ninachokikumbuka zaidi si mikuki wala ngao bali makaburi. Moja ni la halaiki, walimozikwa mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Jingine ni la mtu mmoja, Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, ambaye mji wetu umechukua jina lake. Mzee aliyetuongoza alituambia kwamba ndani ya kaburi hilo kuna kiwiliwili peke yake, kwa maana kichwa kilichukuliwa na Wajerumani kikapelekwa kwao. Mwenzetu mmoja akauliza, “Kilikwenda kufanya nini?” Tulicheka sote, mwalimu akatukemea, safari ikaendelea.

Miaka mingi imepita na swali la yule mtoto ndilo pekee lililobaki na uzito. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika pale pale Songea, akakutana na wazao wa Nduna, akasema anaona aibu kwa yaliyotendwa na Wajerumani na akaomba msamaha. Aliahidi pia kwamba fuvu litatafutwa, huku akikiri kuwa hawezi kuahidi litapatikana. Nilimtazama kwenye simu nikiwa na baba yangu mdogo, mwalimu mstaafu wa historia, mtu asiyeridhika upesi. Hotuba ilipokwisha alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Huyu ni rais wa leo. Sasa yule aliyelipokea kasha, akalifungua, akaandika namba, yeye amesema nini?”

Makala haya nimeyaandika kwa sababu ya swali hilo. Sikudharau kauli ya rais. Vita vya Majimaji, vya kuupinga utawala wa Wajerumani, vya mwaka 1905 hadi 1907, viliua watu ambao makadirio ya juu yanawafikisha 300,000, wengi wao kwa njaa iliyosababishwa kwa makusudi baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto, na ilichukua zaidi ya karne moja kwa mkuu wa nchi ile kusimama penye makaburi yale na kuinamisha kichwa. Hilo ni jambo kubwa. Lakini dola ina tabia ya kuungama kwa niaba ya kila mtu, na anayeungama kwa niaba ya kila mtu huwaacha baadhi ya wahusika wamejificha nyuma ya mgongo wake. Kwa upande wa mama yangu, ambako ni Waislamu, tulifundishwa utotoni kwamba toba ina masharti yake: kuacha kosa, kujuta, kuazimia kutolirudia, na iwapo kosa linahusu haki ya mja, basi kumrudishia mwenyewe haki yake. Sharti hilo la mwisho halitimizwi kwa kinywa. Ni lazima mtu aende chumbani, afungue sanduku, atoe kitu.

Na kichwa hakisafiri chenyewe. Ili fuvu lifike Berlin kutoka Ruvuma au Kilimanjaro alihitajika ofisa wa kutoa amri, daktari wa jeshi wa kulisafisha, wapagazi wa kubeba kasha hadi pwani, kampuni ya meli, karani wa kuandika namba, profesa wa kupima, na mchapishaji wa kutoa vitabu vya majedwali. Kila mmoja kati yao alikuwa na mshahara wake na bosi wake. Wengine hawakuwahi kuuona ufukwe wa Afrika maishani mwao. Ninapotumia maneno ubaguzi wa rangi wa kimfumo nina maana ya mnyororo huo, ambamo hakuna aliyehitaji kuwa na chuki ya pekee ili kazi iendelee, mradi bajeti ipo na daftari lina kurasa tupu.

Mtu aliyekaa katikati ya mnyororo huo alikuwa Felix von Luschan, daktari mzaliwa wa Austria, aliyeanza kazi kwenye makumbusho ya kifalme ya Berlin mwaka 1885 na baadaye akawa profesa wa anthropolojia katika chuo kikuu cha mji huo. Ndiye aliyetunga kipimo cha vigae 36 vya kulinganishia rangi ya ngozi, na ndiye aliyewaandikia maofisa, madaktari na wasafiri wa makoloni maelekezo ya namna ya kukusanya. Mafuvu aliyoyakusanya yalihesabika kwa maelfu. Ajabu yake ni kwamba hakuwa mtu wa matusi. Mwaka 1911, kwenye kongamano kubwa lililofanyika London kuhusu rangi na mataifa ya ulimwengu, alisema kwamba swali la rangi za binadamu ni ngapi limekwisha kupoteza maana. Alilisema hilo, akarudi Berlin, na mafuvu yakaendelea kukaa kwenye makabati. Nimewahi kusoma watu wakimtetea kwa hotuba ile. Mimi naona hotuba ile ndiyo inayomtia hatiani, yeye na taasisi yake, kwa sababu inaonyesha kwamba walijua. Mtu akishajua kwamba ngazi aliyokuwa akiipima haipo, kisha asirudishe vichwa vya watu vilivyochukuliwa ili kuipima, hawezi tena kusingizia ujinga wa zama zake.

Baada ya kifo chake mwaka 1924, mkusanyo wake binafsi uliuzwa kwa makumbusho ya historia ya asili ya New York. Yaani mafuvu ya watu yaligeuka mirathi. Makumbusho hayo yalikuja kutangaza Oktoba 2023 kwamba yataondoa mifupa ya binadamu kwenye kumbi za maonyesho, hatua ambayo naiheshimu kiasi, maana kuondoa kwenye kabati la kioo na kupeleka stoo si sawa na kurudisha.

Mkusanyo uliobaki Berlin ulihama kutoka mkono hadi mkono, ukapita kwenye makumbusho, chuo kikuu na hospitali ya Charité, na mwaka 2011 ukakabidhiwa kwa Wakfu wa Urithi wa Utamaduni wa Prussia, ambao ndio unaosimamia makumbusho makuu ya mji huo. Wakfu uliyapokea mafuvu yakiwa na vumbi na ukungu. Hapo tena swali la mwenzetu wa darasa la tano linarudi: yalikwenda kufanya nini? Kwa sehemu kubwa, kukaa. Mengi hayakupata hata mtafiti wa kuyatazama. Watu walifukuliwa makaburini kwa jina la sayansi, na sayansi yenyewe haikupata nafasi ya kuwashughulikia.

Mwaka 2017 wakfu ulianza utafiti juu ya mafuvu ya kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, kwa kushirikiana na watafiti wa Rwanda. Idadi waliyoifikia ni 1,135. Kati ya hayo, 904 yalitoka maeneo ambayo leo ni Rwanda, 197 Tanzania, 27 Kenya, na 7 yaliyobaki hayakuweza kupewa nchi, yakaandikwa Afrika Mashariki tu.

Idadi ya Rwanda iliniduwaza. Mengi ya mafuvu hayo yalikusanywa kwenye msafara wa mwaka 1907 na 1908 ulioongozwa na mwanamfalme wa Kijerumani, Adolf Friedrich wa Mecklenburg, na aliyekuwa akipima na kukusanya alikuwa Jan Czekanowski, mwanaanthropolojia kijana. Wazungu waliofika pale walikuja na nadharia yao mkononi, kwamba Watutsi ni wageni wa asili bora na Wahutu ni wenyeji wa asili duni, na vipimo vya pua na vichwa vilitakiwa viithibitishe. Wabelgiji waliorithi koloni hilo wakaja kuiandika tofauti hiyo kwenye vitambulisho katika miaka ya 1930. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, kitambulisho kile kile ndicho kilichoamua nani afe. Sisemi kwamba mkusanya mafuvu wa 1907 ndiye aliyeshika panga la 1994, kwa kuwa waliolishika wana majina yao na wengi walihukumiwa. Nasema taasisi iliyoweka mafuvu 904 kabatini haiwezi kudai kuwa ilikuwa ikikusanya tu, kana kwamba mkusanyo huo haukuwa na jibu lililokwisha kuandikwa kabla ya swali.

Sehemu inayonitatiza zaidi ni ya namna ya kurudisha. Mfano wa kwanza tunao nyumbani. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijipiga risasi Julai 1898 ili asikamatwe, na kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulikuwa na kifungu cha 246 kilichoitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Waingereza hawakusukumwa na huruma. Walitaka kuwatunza Wahehe kwa kuwa upande wao vitani, na kuwafunga midomo Wajerumani. Miezi sita ikawa miaka 35. Hatimaye Gavana Edward Twining alikwenda Bremen, akaonyeshwa mafuvu kwenye makumbusho ya mji huo, na ili kujua lipi ni la Mkwawa, vipimo vya vichwa vya jamaa zake walio hai vililinganishwa na vipimo vya mafuvu. Lililokaribiana na kuwa na tundu la risasi ndilo lililoletwa Kalenga Juni 1954, na ndilo lililopo hadi leo, ingawa wapo wanaoshuku kama ni lenyewe. Hebu tazama jambo hili kwa utulivu. Ili kumrudisha shujaa, walitumia bikari ile ile ya kupimia vichwa iliyomfanya aondoke. Wahehe walipokea kichwa kutoka kwenye sayansi iliyowadharau, kwa idhini ya sayansi hiyo hiyo.

Leo bikari imeachwa, kuna vinasaba. Septemba 2023 wakfu wa Berlin ulitangaza kwamba mafuvu machache ya kutoka Kilimanjaro yamepimwa pamoja na mate ya watu walio hai huko Moshi na Kibosho, na ndugu wa damu wamepatikana. Mojawapo, ambalo kumbukumbu zake zilikuwa na neno Akida, linahusishwa na mshauri wa karibu wa Mangi Meli, yule mtawala wa Moshi aliyenyongwa na wenzake mwezi Machi mwaka 1900. Fuvu la Mangi mwenyewe halikutambuliwa katika zoezi hilo, ingawa mjukuu wake alikwisha kulitafuta kwa miongo kadhaa na kutoa mate yake kama wengine.

Habari hiyo ilinifurahisha, kisha nikatulia nikaona mahali inaponichoma. Mzigo wa kuthibitisha umebebwa na nani? Mzee wa Old Moshi anatakiwa afungue kinywa apitishiwe kijiti cha pamba, athibitishe kwamba babu yake ni babu yake, mbele ya taasisi ambayo haijawahi kutakiwa ithibitishe kwamba fuvu lililo kabatini mwake ni mali yake. Mahakamani kwetu, ukikutwa na ng'ombe mwenye alama ya mwenzio, ndiwe utakayeeleza umempataje. Nafahamu kwamba vinasaba vimezipa familia kadhaa jibu ambalo karatasi zisingeweza kuwapa, na sitaki kuwavunjia furaha yao. Ninachokataa ni kipimo hicho kugeuzwa lango, kwamba asiyekuwa na mate yanayolingana hana wa kumlilia.

Kuna taasisi moja mjini humo humo iliyolitazama jambo hili kwa namna tofauti. Mtaa wa Ihnestraße, Dahlem, kuna jengo ambalo leo linatumiwa na chuo kikuu cha Freie Universität. Kuanzia 1927 lilikuwa makao ya Taasisi ya Kaiser Wilhelm ya anthropolojia, na mkurugenzi wake alikuwa Eugen Fischer, aliyejijengea jina kwa kuwapima watu wa Rehoboth, Namibia, mwaka 1908, akitafuta madhara ya damu kuchanganyika. Kazi za aina yake ziliwapa Wanazi lugha ya kitaalamu waliyoihitaji. Mwaka 2014 mafundi waliokuwa wakichimba karibu na jengo hilo walikuta mifupa ya binadamu. Ile ya kwanza ilichomwa na kuzikwa upesi upesi kabla ya uchunguzi wa kutosha, jambo lililozua lawama, na wachimbaji wa kitaalamu walipofuata walipata vipande vya mifupa vipatavyo 16,000. Huenda vimetoka kwenye makoloni, huenda kwenye makambi ya mateso, huenda kote kuwili. Chuo kiliketi na wawakilishi wa Wayahudi, wa Wasinti na Waroma, na wa watu weusi wa Ujerumani, na kwa pamoja wakaamua mifupa isipimwe zaidi, kwa hoja kwamba kuitenganisha huyu Mwafrika, yule Myahudi, kungekuwa kuirudia kazi ya Fischer. Walizikwa pamoja Machi 2023.

Nimeufikiria uamuzi huo mara nyingi bila kutulia upande mmoja. Songea wangesema nini? Familia ya Mbano haitaki kaburi la pamoja Dahlem, inataka kichwa kimoja kikutane na mwili mmoja. Pale ambapo daftari limepotea, kukataa kupima ni heshima. Pale ambapo daftari lipo na halijafunguliwa, kukataa kupima kunaweza kuwa kisingizio. Tofauti iko kwenye daftari, na ndiyo maana narudi kwake kila mara.

Wanazuolojia wa Ujerumani, kwa haki yao, walifanya jambo lililonigusa. Septemba 2019 chama chao kilikutana Jena, mji aliofundisha Ernst Haeckel, mwanabiolojia aliyepanga binadamu kwa madaraja kama mtu anayepanga mawe, na mwaka huo ulikuwa unatimia mwaka wa 100 tangu afariki. Katika azimio lao walitamka kwamba rangi kama migawanyo ya binadamu haina msingi wa kibiolojia, na kwamba wazo hilo ni zao la ubaguzi wala si chimbuko lake. Hawakusema walipotoshwa na wanasiasa. Walisema fani yao ndiyo iliyotoa sumu. Azimio halirudishi mfupa hata mmoja, lakini angalau mwenye kosa alizungumza kwa jina lake.

Sisi tunaokula kwa Kiswahili, waandishi, walimu na wafasiri, tuna sehemu yetu katika hesabu hii, kwa sababu lugha yetu nayo ilipita kwenye milango ile ile. Mwaka 1887 ilifunguliwa Berlin seminari ya lugha za mashariki ili kuwafundisha maofisa na wafanyabiashara waliokuwa wakielekea makoloni. Ndiko alikofundisha Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maelezo yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa mwaka 1903 katika kitabu kilichobeba jina la mhariri Mjerumani. Mtoro alioa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904, na walipojaribu kuja Dar es Salaam mwaka uliofuata, serikali ya koloni ilimzuia kushuka nchini mwake na mkewe. Alirudi Berlin na akafia huko mwaka 1927.

Miaka michache baadaye akaja Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, mtoto wa askari, aliyesafiri mwaka 1929 kwenda kudai malipo yake na ya baba yake ya kutumikia jeshi la Wajerumani. Malipo hayakupatikana. Alifanya kazi ya kuhudumia wateja, akaigiza kwenye filamu, na kwa miaka kadhaa alikuwa msaidizi wa kufundisha Kiswahili chuoni hapo. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, na tarehe 24 Novemba 1944 alifariki kwenye kambi ya Sachsenhausen. Nilipofika Berlin kwa kazi ya ukalimani nilitafuta namba 193 ya mtaa wa Brunnenstraße, ambako tangu mwaka 2007 kuna kijiwe cha shaba kilichopachikwa njiani chenye jina lake. Watu walikuwa wakikikanyaga wakielekea kazini, nami nilisimama pembeni nikiwa na mwavuli, sijui nisome dua au nipige picha. Nilifanya vyote viwili.

Kijiwe kile kiliwekwa na juhudi za raia. Wala mtaa wa Berlin wenye jina la Carl Peters, mwasisi wa koloni la Wajerumani, ambaye huku kwetu tulimwita Mkono wa Damu, haukubadilishwa jina na serikali iliyoamka asubuhi moja na kuona haya. Wanaharakati walidai kwa miaka mingi kabla sehemu yake haijaitwa Maji-Maji-Allee mwaka 2024. Nasema haya kwa sababu taasisi hupenda kuhesabu kuwa ni yake mema ambayo ililazimishwa kuyatenda.

Ningeulizwa niombe kitu kimoja tu, nisingeomba hotuba nyingine. Ningeomba daftari la mapokezi la kila makumbusho litafsiriwe kwa Kiswahili na kupelekwa kwenye wilaya inayotajwa ndani yake, likiwa na jina la ofisa aliyeleta, tarehe, mahali, na maneno yote yaliyoandikwa kwenye lebo, hata yale ya aibu. Matokeo ya utafiti wa mafuvu 1,135 yalichapishwa kwa Kiingereza. Wengi wa wajukuu wa waliomo hawasomi Kiingereza, na huenda kijijini kuna bibi anayejua kwamba kaburi fulani lilifukuliwa mwaka fulani na mzungu fulani, lakini hajui kama kuna mtu anayemsubiri aseme.

Kwa kuanzia nilimtafsiria baba mdogo kurasa chache, pamoja na ule mgawanyo wa idadi. Alisoma taratibu, kalamu mkononi, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari yetu. Mia tisa na nne akaipigia mstari. Mia moja tisini na saba pia. Alipofika kwenye mafuvu saba yasiyo na nchi aliinua macho.

“Na hawa saba watapelekwa wapi?”

Nilimwambia sijaona popote palipoandikwa. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

“Waambie wawalete hapa,” alisema. “Pale kwa Nduna pana nafasi.”